Uzi: Je, mwanafunzi wa masoko au wa utalii ana haja ya debiti na krediti?

#1 Mwalimu wa Jioni (Kampala)

Habari zenu. Nafundisha utangulizi wa uhasibu kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza ambao hawasomei uhasibu. Wamo wa masoko, wa ununuzi na ugavi, wa utalii na hoteli, na wa usimamizi wa wafanyakazi. Darasa la jioni lina watu wapatao 140, na wengi wao huingia wakiwa bado wamevaa sare za kazini.

Juma lililopita nilimaliza kusahihisha mtihani wa katikati ya muhula. Swali la kwanza liliwataka waandae urari, yaani jedwali la kuhakikisha kwamba pande mbili za akaunti zinalingana, kutokana na orodha ya akaunti, na karibu wote waliupatanisha hadi shilingi ya mwisho. Swali la nne lilikuwa fupi: mwenye duka wa Mbale amekopa shilingi 5,000,000 kutoka SACCO, yaani chama cha akiba na mikopo, akanunua friji ya 2,000,000, na pesa iliyobaki ameiweka kwenye droo. Je, amepata faida kiasi gani? Zaidi ya nusu waliandika kwamba amepata faida ya 3,000,000.

Watu wale wale waliopatanisha urari ndio walioandika kwamba mkopo ni mapato. Nilikaa na karatasi hizo usiku kucha nikijiuliza nimewafundisha nini kwa majuma saba. Kwa hiyo nawauliza walimu, wahasibu na wafanyabiashara waliomo humu: tuendelee kuwafundisha debiti na krediti, yaani kuandika kila jambo pande mbili, kushoto na kulia, au tuanze kwingine kabisa?

#2 Kalamu Nyekundu (Mbarara)

Mwalimu, umeuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa zamani. Jibu langu ni kwamba kwa wanafunzi wasiokuwa wa uhasibu debiti na krediti ziondolewe, au zipewe saa moja tu mwishoni mwa muhula. Meneja wa hoteli hataandika leja, kile kitabu cha akaunti zote, hata siku moja. Ataletewa taarifa za hesabu na kuulizwa kama hoteli inaweza kuongeza vyumba, na anachohitaji ni kuisoma mizania, yaani taarifa ya mali na madeni, na kuelewa kwa nini faida na pesa taslimu ni vitu viwili.

Mjadala huu si wetu peke yetu. Nchini Marekani iliundwa tume ya mabadiliko ya elimu ya uhasibu mwaka 1989, na mwaka 1992 ikatoa tamko kuhusu somo la kwanza la uhasibu, ikisisitiza kwamba somo hilo lihusu habari zinazosaidia watu kufanya uamuzi wa kiuchumi. Sisi bado tunamfundisha kila kijana kana kwamba kesho ataajiriwa kuwa karani wa vitabu.

#3 Mkaguzi Mstaafu (Jinja)

Namheshimu Kalamu Nyekundu, lakini hapa sikubaliani naye hata kidogo.

Nilisoma Nakawa kabla chuo cha taifa cha biashara hakijaunganishwa na kitivo cha biashara cha Makerere mwaka 1997, kisha nikafanya ukaguzi kwa miaka mingi. Kuna chama kimoja cha wakulima wa kahawa, sitakitaja jina, ambacho meneja wake alikuwa na shahada nzuri na alisoma taarifa za hesabu kila mwezi. Karani wake alikuwa akipokea malipo ya wanunuzi, anatia pesa mfukoni, na majina yao anayaacha kwenye orodha ya wadaiwa. Wadaiwa wakawa wanaongezeka mwezi hadi mwezi, naye meneja akafurahi, kwa kuwa alikuwa amefundishwa kwamba wadaiwa ni mali na mali ikiongezeka ni heri. Angejua kwamba akaunti ya mdaiwa hushuka kwa krediti pale fedha inapoingia kwa debiti, angeuliza kwa nini akaunti zile zilikuwa na upande mmoja tu, miezi minane mfululizo.

Mtu asiyejua kwamba kila jambo lina pande mbili hudanganywa kwa kuonyeshwa upande mmoja. Luca Pacioli, mtawa na mwanahisabati wa Italia, alibuni mfumo huu mwaka 1494, na kama umedumu zaidi ya miaka 500 si kwa sababu walimu ni wavivu wa kubadilika.

#4 Daftari la Kale (Masaka)

Mzee Mkaguzi, kisa chako ni kizito, ila nirekebishe jambo moja la historia. Pacioli hakubuni. Kitabu chake kilichapishwa Venice mwaka 1494, na sehemu yake ya hesabu ilieleza desturi ambayo wafanyabiashara wa mji huo walikuwa nayo tayari. Benedetto Cotrugli, mfanyabiashara wa Ragusa, mji ambao leo unaitwa Dubrovnik, alikuwa ameandika juu ya jambo hilo mwaka 1458, isipokuwa kitabu chake hakikuchapishwa hadi 1573.

Nalitaja hili kwa sababu linahusu swali la Mwalimu. Pacioli mwenyewe haanzi na debiti na krediti. Anaanza kwa kumwambia mfanyabiashara aorodheshe kila alicho nacho na kila anachodaiwa: pesa, vito, nguo, nyumba, bidhaa, madeni. Baada ya orodha hiyo linakuja daftari la kumbukumbu za kila siku, kisha jarida, ambamo kila jambo huandikwa kwa debiti na krediti, na mwisho leja. Sisi tumechukua sehemu ya mwisho tukaifanya somo la kwanza.

#5 Mama wa Mpakani (Busia)

Salamu kwa walimu wangu wote. Mimi ni mwenye duka la jumla na pia ni mwanafunzi wa stashahada, darasa la wikiendi. Somo hili nililirudia mara mbili, basi nadhani nina haki ya kusema.

Mwalimu wetu alituambia pesa ikiingia ni debiti. Nikaandika, nikakariri. Jioni ile nikachukua taarifa ya benki ya duka langu: nilikuwa nimeweka 800,000, na benki imeandika krediti. Nilipolipa umeme, wameandika debiti. Nikarudi darasani nikamwuliza kati yake na benki nani amekosea. Akaniambia niache kuchanganya mambo ya benki na mambo ya darasani. Tangu siku hiyo nilikariri tu, na nilifeli kwa kukariri.

Hadi leo naomba mtu anieleze vizuri. Na neno lingine linalonisumbua ni mdai na mdaiwa. Nikiandika haraka huwa sijui ni nani anamdai nani.

#6 Hesabu za Kasese

Mama, hukukosea, na benki nayo haikukosea. Taarifa uliyoishika mkononi imetolewa kwenye vitabu vya benki, siyo vya duka lako. Ulipoweka 800,000, katika vitabu vyako fedha yako iliyo benki iliongezeka, na hiyo ni mali, kwa hiyo ni debiti. Lakini kwa benki pesa ile si yake. Imekuwa deni ambalo inadaiwa na wewe, na deni likiongezeka huandikwa krediti. Ukitoa pesa, deni lao kwako limepungua, ndipo wanaandika debiti. Taarifa ya pesa za simu nayo isome hivyo hivyo, maana kila kampuni huandika kwa macho yake yenyewe.

Kuhusu maneno hayo mawili, mimi huwaambia wanafunzi wamtazame mtenda na mtendwa. Mdai ndiye anayedai. Mdaiwa ndiye anayedaiwa. Mteja aliyechukua sukari kwa mkopo ni mdaiwa wako. Msambazaji aliyekuletea soda hujamlipa ni mdai wako.

#7 Mama wa Mpakani (Busia)

Asante sana, ndugu. Maneno machache yamemaliza muhula mzima. Kwa hiyo ninapoweka pesa, mimi ndiye mdai wa benki! Mbona hatuambiwi hivyo siku ya kwanza?

#8 Mkaguzi Mstaafu (Jinja)

#7 ndiyo hoja yangu yote. Mama huyu asingeelewa taarifa ya benki yake bila debiti na krediti. Kalamu Nyekundu anataka kumwondolea chombo hicho.

Na ninamshukuru Daftari la Kale kwa masahihisho. Nilifundishwa vile tangu ujana wangu.

#9 Kalamu Nyekundu (Mbarara)

Mzee, naona umejivunia mapema. Kilichomsaidia Mama si sheria ya debiti wala krediti, ni swali la “vitabu vya nani?” Sheria alikuwa nayo tayari, akaikariri, akafeli nayo mara ya kwanza.

Hata meneja wako wa kahawa angeokolewa na msomaji mzuri wa mizania. Tuseme chama kinauza kahawa ya shilingi milioni 10 kwa mwezi na wadaiwa wamefika milioni 40. Gawanya tu: mauzo ya miezi minne hayajalipwa. Mtu aliyefundishwa kuuliza hivyo angemwita karani mwezi wa pili, bila kujua leja inafananaje.

#10 Punje Mbili (Mityana)

Wenzangu, niruhusuni nieleze ninachokifanya darasani kabla hatujagawanyika kambi mbili. Nina wanafunzi 60 wa usimamizi wa biashara. Majuma mawili ya kwanza sitaji debiti wala krediti. Ninaleta kilo mbili za mahindi, kilo mbili za maharagwe mekundu, na sinia mbili kwa kila meza. Punje ya mahindi ni shilingi 50,000 ya mali. Haragwe ni shilingi 50,000 ya haki ya mtu juu ya mali hiyo. Sinia ya kushoto hukaa mahindi, ya kulia hukaa maharagwe, na sinia ya maharagwe imegawanywa kwa kijiti: huku ya wadai, huku ya mwenye duka.

Mwenye duka anaanza na 3,000,000 zake. Mahindi 60 kushoto, maharagwe 60 upande wa mwenyewe. Anakopa 2,000,000 SACCO: mahindi 40 kushoto, maharagwe 40 upande wa wadai. Hapo mwanafunzi anaona kwa macho yake kwamba mkopo umejaza sinia ya mali, lakini upande wa mwenye duka haukuongezeka hata haragwe moja. Swali la nne la Mwalimu linajibika hapo hapo.

Kisha ananunua bidhaa za 1,800,000 kwa taslimu. Mahindi 36 yanahama kutoka kikombe cha pesa kwenda kikombe cha bidhaa, ndani ya sinia ile ile, na maharagwe hayaguswi. Halafu anaiuzia shule sehemu ya bidhaa kwa 750,000 kwa mkopo. Mahindi 15 yanaongezwa kikombe cha wadaiwa, maharagwe 15 upande wa mwenye duka, na mali yote inafika 5,750,000. Baada ya hapo ndipo ninawaambia kwamba wahasibu wana majina ya kushoto na kulia.

#11 Hesabu za Kasese

Somo zuri sana, mwalimu, ila hesabu yako ya mwisho imepungukiwa. Bidhaa zilizokwenda shuleni zilikuwa na gharama yake. Kama ziligharimu 600,000, basi mahindi 12 lazima yatoke kikombe cha bidhaa na maharagwe 12 yatoke upande wa mwenye duka. Mali yote inakuwa pesa 3,200,000, bidhaa 1,200,000 na wadaiwa 750,000, jumla 5,150,000. Upande wa pili, SACCO 2,000,000 na mwenye duka 3,150,000. Faida ni 150,000, siyo 750,000.

#12 Punje Mbili (Mityana)

Ni kweli kabisa, asante. Niliruka hatua ya pili nilipokuwa naandika, na hapo ndipo meza nyingi hukwama. Mwanafunzi hufurahia mahindi yanayoingia, akasahau kwamba sukari imetoka mlangoni. Mara kwa mara hunibidi nisimame kwenye meza na kuuliza: “Gunia liko wapi sasa?” Huwa wananyamaza kwanza, kisha mmoja anaanza kuhesabu mahindi ya kutoa.

Angalieni pia kwamba faida ya 150,000 imepatikana na hakuna hata shilingi iliyoingia droo. Shule haijalipa. Hapo ndipo mwenye duka halisi hufilisika huku vitabu vyake vinacheka.

#13 Lugha Kwanza (Arua)

Nimesoma yote, na nadhani mnalikwepa jambo moja. Tunajadiliana kwa Kiswahili humu, na kila mtu ameelewa mahindi na maharagwe, mdai na mdaiwa. Darasani tunafundisha kwa Kiingereza kijana ambaye neno la kwanza analolijua la deni ni lile la nyumbani kwao: kwa Waganda ni ebbanja. Mtaji anauita entandikwa, yaani cha kuanzia. Faida anaiita amagoba. Uhasibu wote anao mdomoni, kisha sisi tunamletea maneno mapya kana kwamba fani hii haijawahi kufika kijijini kwao.

Tazameni maneno yetu yenyewe. Mizania imetokana na neno la Kiarabu la mizani, kile chombo cha kupimia uzito. Rasilimali asili yake ni “kichwa cha mali”, yaani mtaji. Daftari, faida na hasara ni maneno yaliyokuwa vinywani mwa wafanyabiashara kabla hatujajenga chuo chochote cha biashara. Ukimwambia mwanafunzi kwamba mizania ni mizani, hana haja ya kukariri kwa nini pande mbili zilingane. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Tunangoja nini kukitumia hata kwa mifano?

#14 Kalamu Nyekundu (Mbarara)

Ndugu wa Arua, maneno yako ni matamu na nitayatumia. Hata hivyo lugha pekee haielezi tatizo. Ninao wanafunzi waliosoma kwa Kiingereza tangu chekechea, wanakizungumza kuliko mimi, na wao pia waliandika kwamba mkopo ni mapato. Neno deni wanalijua, isipokuwa pesa ikishafika mkononi hulisahau.

#15 Mama wa Mpakani (Busia)

Mwalimu Kalamu, na hata huku sokoni tunasahau kwa Kiswahili. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Parishi uzinduliwe mwaka 2022, nimewaona jirani zangu wakipokea ile milioni moja ya mkopo. Aliyeiandika kwenye daftari kama deni alinunua kuku na kuwalinda. Aliyeiona kama baraka alikwenda kununua kiti cha sebuleni. Wote wanajua neno deni.

#16 Mwanafunzi wa Utalii (Entebbe)

Shikamooni walimu. Niliingia chuo nikitokea mchepuo wa historia, jiografia na dini. Wenzangu waliosoma ujasiriamali kidato cha tano na cha sita walikuwa wameshaona mizania, kwa hiyo mwalimu alikwenda kwa mwendo wao. Sisi wengine tulibaki tukinakili, na hakuna aliyetuuliza kama tunafuata. Nadhani sababu hii nayo ihesabiwe: katika darasa moja kuna watu wa mwanzo wa aina mbili.

Nina swali ambalo naona haya kumwuliza mwalimu wangu. Kwa nini uchakavu unaondolewa kwenye faida na hakuna pesa iliyotoka? Na kama umeondolewa, hiyo pesa ya uchakavu inawekwa wapi?

#17 Hesabu za Kasese

Marahaba, mwanangu, na usione haya. Wakurugenzi wengi wana swali hilo na hawaliulizi.

Chukua boda boda ya shilingi 6,000,000 ambayo itafanya kazi miaka minne. Siku uliyoinunua, pesa ilitoka, lakini hukupata hasara ya milioni sita siku ile. Ulibadilisha pesa kuwa pikipiki. Pikipiki inaisha kidogo kidogo barabarani, 1,500,000 kila mwaka. Tuseme baada ya petroli na matengenezo umebaki na 4,000,000 kwa mwaka. Faida yako ni 2,500,000. Ukiitumia 4,000,000 yote nyumbani, umekula faida ya 2,500,000 na umekula kipande cha pikipiki cha 1,500,000. Mwaka wa tano unaamka na funguo mkononi, na pikipiki imekwisha.

Pesa ya uchakavu haiwekwi popote yenyewe. Kuandika uchakavu hakujazi droo. Anayetaka pikipiki mpya lazima akaweke akiba kwa mkono wake.

#18 Daftari la Kale (Masaka)

Nyongeza ndogo: boda boda ya miaka minne bado huuzwa. Ukikadiria kwamba utaiuza 1,200,000, basi kinachogawanywa kwa miaka minne ni 4,800,000, na uchakavu wa mwaka ni 1,200,000. Faida inakuwa 2,800,000. Wanafunzi wafundishwe mapema kwamba tarakimu hii ni makadirio ya mtu, na mtu mwingine mwaminifu anaweza kupata nyingine.

#19 Mwanafunzi wa Utalii (Entebbe)

Nimeelewa. Baba yangu ana boda boda. Nitamwonyesha hesabu hii leo.

#20 Daftari Mkononi (Kampala)

Mimi huwasaidia wenye biashara ndogo kujaza fomu za kodi, na nina maoni kwamba wanafunzi hawajifunzi kwa sababu hawaoni shilingi yoyote inayotokana na somo. Anzeni na kodi. Kwa jedwali lililoanza Julai 2020, biashara ndogo yenye mauzo ya kati ya milioni 10 na milioni 100 kwa mwaka hulipa kodi ya makadirio, na aliye na kumbukumbu hulipa kidogo kuliko asiye nazo. Mwenye mauzo ya milioni 60 bila kumbukumbu hulipa 400,000. Akiwa na kumbukumbu, hulipa 180,000 pamoja na asilimia 0.6 ya kinachozidi milioni 50, yaani 60,000 zaidi, jumla 240,000. Daftari limemwokolea 160,000.

#21 Mkaguzi Mstaafu (Jinja)

Mfano bora, na nitauazima. Sahihisho: ukomo wa juu ni milioni 150, siyo 100, kundi la mwisho ni la milioni 80 hadi 150, na asiye na kumbukumbu hulipa 900,000. Pia mpango huo hauwahusu wenye kutoa huduma za kitaaluma kama wanasheria, madaktari na wahasibu.

#22 Daftari Mkononi (Kampala)

Ni sahihi, mzee. Nilichanganya makundi. Asante.

#23 Punje Mbili (Mityana)

Naogopa kidogo njia ya kodi. Tukianza na Mamlaka ya Mapato, mwanafunzi ataamini kwamba vitabu huandikwa kwa ajili ya serikali, kisha ataandika vya kuwaonyesha na vingine vya kweli. Ninataka aandike kwa sababu anataka kujua gunia liko wapi.

#24 Mwalimu wa Jioni (Kampala)

Nawashukuru nyote. Nimesoma uzi huu mara tatu, na nimerudi kwenye karatasi za mtihani nikiwa na macho mengine.

Nimegundua jambo moja ambalo hakuna aliyelitaja waziwazi. Katika mtihani wangu swali la urari lilikuwa na alama 20 na swali la nne lilikuwa na alama 5. Katika zile 20, alama 6 zilikuwa za muundo: kichwa cha habari, tarehe, mistari miwili chini ya jumla. Mwanafunzi aliyepiga mistari miwili chini ya jumla alipata zaidi ya yule aliyejua kwamba mkopo si mapato. Sitasema walijifunza vibaya, kwa sababu walijifunza nilichokilipia alama. Nadhani Mzee Mkaguzi na Mwalimu Kalamu wote wawili wangekubali kwamba hapo pana kasoro, hata kama hawatakubaliana juu ya kitu kingine.

Muhula huu nitajaribu hivi. Juma la kwanza orodha ya mali na madeni ya nyumbani kwa kila mwanafunzi, kama Pacioli alivyoanza. Majuma mawili ya mahindi na maharagwe, ingawa kwa watu 140 sijui nitapata wapi sinia. Kisha debiti na krediti, lakini nikianzia kwenye taarifa ya benki ya Mama wa Mpakani na swali la “vitabu vya nani?” Mtihani utakuwa na mizania iliyokosewa makusudi, na kazi yao itakuwa kutafuta kosa na kulieleza kwa sentensi zao.

#25 Kalamu Nyekundu (Mbarara)

Nakubaliana na alama. Bado naona umeipa leja majuma mengi mno. Na kusahihisha maelezo ya watu 140 kutakumaliza. Chukua maelezo ya mistari mitatu tu, usiwaachie ukurasa.

#26 Mkaguzi Mstaafu (Jinja)

Nakubaliana na alama. Bado naona umeipa leja majuma machache mno.

#27 Mama wa Mpakani (Busia)

Walimu, kabla hamjafunga, nina swali la friji, maana hata mimi nilinunua moja kwa mkopo wa SACCO kama mtu wa swali la nne. Mchana inapoza soda za duka. Usiku watoto wangu huweka maziwa na ugali uliobaki, kwa kuwa duka na nyumba vimetenganishwa na pazia tu. Kwenye orodha ya Pacioli, niiandike friji upande wa duka au nisiiandike?

#28 Hesabu za Kasese

Iandike upande wa duka, Mama, kwa sababu mkopo ulichukuliwa kwa jina la duka na duka ndilo linaloulipa. Sehemu ya umeme wa usiku iandike kama pesa uliyoichukua mwenyewe kwa matumizi ya nyumbani.

#29 Kalamu Nyekundu (Mbarara)

Mimi ningeuliza kwanza kama duka likifungwa kesho friji itauzwa kulipa wadai wa duka au itabaki na watoto.

#30 Mama wa Mpakani (Busia)

Itabaki na watoto.